Kisanduku Kinachoomba PIN: Usikijaze

Uko nyumbani, wageni wanakuja Jumapili, na unataka nyama ya mbuzi kutoka Kiamaiko. Unatumiwa linki ya kuagizia. Ukifungua unapata fomu: jina, namba ya simu, kilo ngapi. Chini kabisa kuna kisanduku kingine: "Weka PIN yako ya M-Pesa." Fomu ni safi, rangi ni kijani, na PIN ukiiandika inageuka nukta nukta. Utaijaza?

Hapana. Sababu ni hii.

Visanduku vya fomu mara nyingi haviandikwi kimoja kimoja. Fundi wa programu huandika orodha kwa lugha kama PHP au Python: jina, simu, kilo. Programu inasoma orodha hiyo na kutoa HTML, yaani maagizo yanayoiambia simu yako ionyeshe nini. Kila kisanduku kina aina yake. Aina ya "tel" inaleta kibodi ya namba. Aina ya "password" inaficha unachoandika kwa nukta. Kuongeza kisanduku cha PIN ni kuongeza mstari mmoja tu kwenye orodha. Yeyote anaweza, na haombi ruhusa kwa mtu.

Zile nukta zinakukinga tu na jirani anayechungulia kwenye matatu. Mwenye fomu anapokea tarakimu zako zote nne jinsi ulivyoziandika.

Sasa, malipo halali yanaendaje? Fomu inaomba namba yako ya simu, ile inayoanza na 07 au 01. Programu inaigeuza ianze na 254, kisha inatuma ombi kwa M-Pesa. Ombi linatokea kwenye simu yako, nje ya ile tovuti, likionyesha jina la biashara na kiasi. Soma vyote viwili. Kama hesabu yako ni 1,400 na unaona 14,000, kataa. Kikiwa sawa, weka PIN hapo. Muuzaji haioni, anapata tu jibu kwamba pesa imeingia.

Na ombi likitokea hujaagiza kitu, lifute.

Ushajaza PIN kwenye fomu? Usingoje kesho. Piga *334# uibadilishe sasa hivi, halafu upigie huduma kwa wateja. Mwambie muuzaji pia: huenda linki hiyo si yake, na wateja wengine wanaendelea kuijaza.

Anayekuuzia nyama anahitaji namba yako ya simu. PIN haimhusu.