Kumtafuta Bibi Asiyeandikwa

Mwanamke wa pwani aliyezaliwa katika zama za Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, akaolewa, akazaa, akafa pasipo kushika kalamu, hudhaniwa na wajukuu wake kuwa hana tarikh. Kumbe anayo, ila imetawanyika katika vinywa vya watu na katika makaratasi yaliyoandikwa kwa ajili ya mambo mengine.

Atakaye kuikusanya na aanze kwa wazee, wala asiwaulize mwaka. Ajuza atasema kuwa mamake alikuwa kigori siku Sayyid Khalid, aliyejitwalia usultani, alipopigwa mizinga na Waingereza katika kasri ya Unguja, nayo ni tarehe 27 Agosti 1896. Au kuwa aliolewa mahari yangali rupia, na hapo ni lazima kuuliza mji, maana rupia iliondoka Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Unguja ikadumu hata katikati ya miaka ya 1930.

Kisha zitafutwe hati za mirathi. Mwanamke wa Kiislamu haachi nasaba ya babake kwa kuolewa, hata akiolewa mara tatu. Na kwa kuwa sharia humpa mjane thumni iwapo marehemu ameacha mtoto, na robo iwapo hakuacha, na binti nusu ya fungu la nduguye mwanamume, kadhi hawezi kugawa mali pasipo kuwataja wanawake hao mmoja mmoja. Hivyo, ajabu kidogo, mahali pema pa kumwona bibi yu hai ni katika karatasi ya mume aliyekufa.

Liko jambo ambalo wazee hulinyamazia. Amri ya mwaka 1897 iliwafungulia watumwa wa Unguja mlango wa uhuru, lakini masuria hawakuingizwa humo hata mwaka 1909; na kwa kuwa mtoto wa suria aliyekubaliwa na babake ni huru na mrithi sawa na nduguze, aghalabu hushika nasaba ya baba, na asili ya mama, iwe Unyasa au Manyema, ikaachwa isitajwe. Siwalaumu wazee, kwani aibu hiyo hawakuianzisha wao; lakini aonaye shajara yenye mababu saba, na ndani yake bibi mmoja asiye na baba, na asimame hapo aulize kwa adabu.

Mfano mwema upo Mombasa, ambako katika miaka ya 1970 Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwasikiliza bibi watatu wakisimulia maisha yao, na masimulizi yakatolewa kitabu kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili. Miongoni mwao Bi Kaje wa Mwenye Matano alitoka katika jamaa ya waungwana, na Bi Mishi wa Abdala katika uzao wa watumwa, nao wasimulia mji mmoja.