Askari Likizoni: Siku Moja na Mtoto Katika Bustani ya Wanyama ya Entebbe

Ndugu wapiganaji wa jeshi na wa polisi, tunaomba ruhusa yenu leo tuache kidogo habari za gwaride na nidhamu, tuzungumze juu ya likizo. Hasa tunataka kueleza siku moja ya likizo yetu, ambayo tuliitumia Entebbe pamoja na mtoto wetu wa kiume mwenye umri wa miaka miwili na miezi mitatu.

Tulikuwa tumerudi kutoka Mogadishu baada ya mwaka mzima wa kazi. Tulipoondoka mtoto huyo alikuwa akitembea kwa kushika ukuta. Tuliporudi alikuwa anakimbia, na aliyekuwa akimkimbia ni sisi. Kwa siku nne za kwanza alituita "Afande", maana ndivyo alivyosikia kambi nzima ikituita. Mama yake alipomsahihisha, alimtazama kama mtu aliyekosea jina la mgeni.

Kama ilivyo desturi ya mtu aliyepitia chuo cha makadeti, tuliandika mpango wa safari. Saa moja asubuhi kuondoka Kampala; saa tatu kamili simba; saa tatu na nusu twiga; saa nne sokwe; saa sita chakula; saa nane kurejea. Mama watoto aliusoma akiwa amesimama jikoni, akaturudishia karatasi yetu.

"Baba watoto," alisema, "huyu si kuruta."

Entebbe ni mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Kampala, na bustani yenyewe iko kando kabisa ya Ziwa Victoria, penye miti mikubwa na upepo wa maji. Ilianzishwa mwaka 1952 kuwa makao ya wanyama yatima na waliojeruhiwa. Baadaye ikawa bustani ya maonyesho, na mwaka 1994 ikapewa kazi ya kuwa kituo cha kuwafundisha wananchi uhifadhi wa wanyama pori. Haya yote tulikuwa tumeyasoma mapema, tukakusudia kumweleza mtoto. Ndugu msomaji asicheke.

Hatua kama thelathini kutoka langoni mpango wetu ulikufa. Jongoo mmoja mweusi, mnene kama kidole, alikuwa akivuka njia. Mtoto alichuchumaa.

"Gari," alisema.

Tulimweleza kwamba simba wako mbele. Hakujibu. Kila jongoo alipokaribia majani, mtoto alimwekea kijiti, jongoo akajikunja, nasi sote tukangoja hadi ajikunjue na kushika safari upya. Makundi mawili ya wanafunzi wa shule yalitupita. Tuliangalia saa mara nyingi, kisha tukaivua tukaitia mfukoni. Mtu mzima huenda katika bustani ya wanyama kuwaona wanyama aliowalipia kiingilio. Mtoto mdogo hajui ni yupi aliyelipiwa. Kwake jongoo ni mnyama kamili, tena yuko karibu, na hakuna waya kati yao.

Simba tulimkuta amelala. Tulipokuwa tukigeuka kuondoka alinguruma, mtoto akatimua mbio. Tulipiga goti na kutanua mikono kumpokea. Alitupita kando kama anavyopita mtu kando ya mti, akajificha katika gomesi ya mama yake. Tulibaki tumepiga goti pale kwa muda, tukijifanya tunafunga kamba za viatu.

Baada ya hapo akaanza kuuliza swali moja kwa kila mnyama. "Mama yake wapi?" Kwa twiga jibu lilikuwa rahisi, kwani walikuwapo wakubwa na wadogo, tukamwonyesha yule mrefu zaidi. Kwa pundamilia vivyo hivyo. Lakini tulipofika kwa sokwe, ambao wamewekwa juu ya kisiwa kilichozungukwa na mfereji mpana wa maji kwa sababu sokwe hawawezi kuogelea, swali likawa zito. Mwindaji anayetaka kumwuza mtoto wa sokwe humwua kwanza mama yake, na mara nyingi hata wengine wa kundi wanaojaribu kumtetea. Ndiyo maana sokwe wanaookolewa mikononi mwa walanguzi huwa yatima. Hao ndio waliopatiwa makao katika kisiwa cha Ngamba mwaka 1998, umbali wa kilomita 23 kutoka Entebbe. Kwa mtoto wetu tulisema, "Mama yake amelala." Hatukuona fahari kwa jibu hilo.

Kisha tukaenda kwa vifaru. Hapa tutasema wazi, kwa sababu wasomaji wetu ni watu wa bunduki. Uganda ilikuwa na vifaru wa aina mbili, weusi na weupe. Katika miaka ya vurugu na vita waliuawa kwa ajili ya pembe, na waliowaua walikuwa watu wenye silaha, wengine wao wakiwa wamevaa sare za serikali. Ilipofika mwaka 1983 walikuwa wamekwisha porini nchini mwetu. Mwaka 2001 vifaru wawili weupe waliletwa Entebbe kutoka Kenya. Mwaka 2005 wengine wanne wa Kenya walipelekwa Ziwa, katika Nakasongola, na mwaka uliofuata wakaletwa wawili kutoka Marekani. Mwaka 2009 alizaliwa huko ndama wa kwanza. Kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani, alipewa jina la Obama.

"Mama yake wapi?" mtoto aliuliza, akimwonyesha kifaru kwa kidole.

Tulimwambia kwamba mama yake alikuwa mbali. Alionekana kuridhika, neno "mbali" analijua.

Adhuhuri tulikaa chini ya mti tule. Mama watoto alikuwa amekwenda kununua maji. Tulikuwa tumeonywa juu ya tumbili wanaozurura huru katika bustani, lakini afisa aliyelinda mipaka ya watu mwaka mzima alishindwa kulinda ndizi moja ya bogoya. Tumbili alishuka, akaitwaa mkononi mwa mtoto, akapanda juu na kuimenya kwa utulivu mkubwa. Mtoto alipiga kelele, "Afande!" akatuparamia kwa suruali, kisha kwa shati, hadi shingoni. Hatujidanganyi kwamba tulichaguliwa. Tulikuwa karibu tu, na hapakuwa na mwingine. Lakini hakushuka, hata mama yake aliporudi na maji.

Kwa wenzetu watakaopata siku kama hiyo: vaeni kiraia, fikeni asubuhi kabla ya jua kali, chukueni maji na kofia ya mtoto, wala msiwape wanyama chakula. Msitafute kuona kila kitu. Sisi hatukumwona mamba wala chatu, na usingizi ulimkamata mtoto kabla ya saa nane.

Katika taksi ya kurudi alilala juu ya mkono wetu wa kulia, ukafa ganzi tangu Kajjansi hata mjini. Mama watoto alitaka kumchukua tukakataa. Ndipo tulipotambua jambo moja. Aliuliza habari za mama wa twiga, wa pundamilia, wa sokwe na wa kifaru. Kuhusu baba hakuuliza hata mara moja, kana kwamba baba wa mnyama ni mtu asiyetazamiwa kuwapo. Tulimweleza mama watoto. Alitazama nje dirishani, akasema likizo bado ina siku kumi na moja.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya tarumbeta, tuliguswa mguu kitandani. Alikuwa amesimama pale, na kijiti mkononi.

"Afande," alisema, "gari."