Saruji Kabla ya Ufunguo

Kila baada ya miezi michache picha ya aina moja hutoka Kisii au Nyamira, kaunti mbili za Gusii nchini Kenya: nyanya aliyejitanda leso anakabidhiwa ufunguo wa nyumba mpya ya mabati, huku mfadhili na wageni wake wakipiga makofi. Furaha ya nyanya huyo ni ya kweli, na simlaumu aliyemjengea. Ninachopinga ni kuifanya picha hiyo kuwa kipimo cha kazi. Shirika lisilo la faida linalotaka familia nyingi za Gusii ziishi katika nyumba zenye staha halina budi kupunguza nyumba za zawadi na kuzidisha mikopo midogo ya kujenga kwa awamu: sakafu mwaka huu, paa mwaka ujao, ukuta familia itakapojaliwa, yote katika kiwanja inachokalia tayari.

Tuanze na hali ilivyo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, ingawa sehemu kubwa yake ni mashamba. Huku si Nairobi, ambako mtu hupanga chumba na kulipa kodi kila mwezi. Kijijini karibu kila familia ina nyumba yake. Kijana akibalehe hujengewa esaiga, kibanda chake mwenyewe, na akioa hujenga kubwa zaidi. Kwa hiyo watu hawakosi nyumba, ila nyumba zenyewe ndizo mbovu. Nguzo za mkaratusi zimechimbiwa ardhini bila dawa, na baada ya misimu michache mchwa wamezila kuanzia chini. Udongo wa ukutani unabanduka kila masika yakija, na katika milima hii mvua haikai mbali hata mwezi mmoja. Sakafu ni ya udongo uliosiribwa kwa samadi: ikikauka hutoa vumbi, ikilowa hugeuka tope, na katika nyufa zake funza huzaliana kisha huingia kwenye vidole vya watoto wanaolala chini.

Hiyo sakafu ndiyo inayonifanya niamini ujenzi wa awamu. Mwaka 2000 jimbo la Coahuila nchini Mexico lilianza mpango wa Piso Firme, wa kuweka sakafu ya saruji katika nyumba za maskini zilizokuwa na sakafu ya udongo. Malori yalileta zege, na wenye nyumba wakalisambaza na kulisawazisha wenyewe. Watafiti walilinganisha familia hizo na nyingine za miji jirani ambayo haikufikiwa na mpango huo, na mwaka 2009 wakachapisha matokeo: nyumba yote ikiwekwa saruji, maambukizi ya vimelea kwa watoto wadogo yalipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Kina mama nao walionyesha dalili chache za mfadhaiko. Hakuna aliyepewa nyumba mpya. Kilichobadilika ni sakafu tu. Mwaka huohuo utafiti wa Gambia ulionyesha kuwa kuweka wavu wa mbu milangoni na madirishani, au kuziba dari, hupunguza mbu ndani ya nyumba kwa takriban nusu na kupunguza upungufu wa damu kwa watoto. Nyanda za juu za Kisii zimewahi kukumbwa na milipuko ya malaria, hivyo matokeo hayo yanawahusu wakazi wake moja kwa moja.

Sasa tupige hesabu ya fundi. Chumba cha mita tatu kwa nne, kikimwagwa zege la sentimita tano juu ya kokoto zilizoshindiliwa na kulainishwa kwa plasta nyembamba, kinahitaji mifuko mitano hivi ya saruji. Nyumba ya vyumba viwili ni mifuko kumi, pamoja na mchanga, kokoto na ujira wa fundi wa siku chache. Kubeba maji na kushindilia hufanywa na wenye nyumba. Ukiziweka gharama hizo kando ya gharama za nyumba kamili yenye msingi, kuta za matofali, linta, mbao, mabati, milango na madirisha, utaona kwamba nyumba moja ya ufunguo hubeba sakafu za familia nyingi. Mwenye fedha chache na orodha ndefu ya majirani wenye shida hapaswi kuikwepa hesabu hii.

Fedha zitoke wapi? Benki haziwezi kujibu swali hilo. Kufikia mwisho wa 2023 Kenya nzima ilikuwa na mikopo ya nyumba ipatayo 30,000 tu, katika nchi ambayo sensa ilihesabu kaya zaidi ya milioni 12. Benki inataka hati ya shamba, na Gusii hati nyingi bado ziko kwa jina la babu aliyekwisha kufariki. Inataka pia mshahara wa kila mwezi, ilhali kipato cha hapa ni majani chai, ndizi na vibarua. Mwaka 1976 Millard Fuller na mkewe Linda, baada ya kujenga Mbandaka katika Zaire ya wakati huo, walianzisha Habitat for Humanity kwa kanuni nyepesi: familia hushiriki kujenga kwa mikono yake, hurejesha gharama kidogo kidogo bila faida kwa shirika, na fedha zilizorejeshwa hujengea familia inayofuata. Kanuni hiyo ilifika Kenya mwaka 1982. Baadaye Habitat yenyewe ilitambua kwamba nyumba kamili ni mzigo mzito hata kwa masharti hayo, na kuanzia 2012, kwa msaada wa Mastercard Foundation, ikashirikiana na taasisi za fedha za Kenya, Uganda na Ghana, zikiwemo KWFT na Faulu, kutoa mikopo midogo ya ujenzi wa awamu. Shirika lenye uzoefu wa miongo kadhaa likihama kutoka nyumba nzima kwenda hatua moja moja, wanaoanza leo wana jambo la kujifunza.

Pingamizi la kwanza ni zito: maskini wa mwisho hawezi kulipa hata mkopo mdogo. Nyanya anayelea wajukuu mayatima hana majani chai wala kibarua. Nakubali. Familia za namna hiyo zipo katika kila kata, na kwao zawadi ni haki. Lakini hata hapo zawadi haihitaji kuwa nyumba kamili. Wa Coahuila hawakulipa chochote, na walichopewa ni sakafu. Mpe nyanya sakafu na paa zuri bila deni, na fedha zilizobaki zimfikie nyanya wa kijiji cha pili na cha tatu. Wanaoweza kulipa, hata kwa kusuasua, ni wengi kuliko tunavyodhani, mradi marejesho yafuate mkondo wa kipato. Mkulima wa Nyamira hulipwa na kiwanda cha chai kiasi kidogo kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka, na bonasi za magharibi mwa Bonde la Ufa kwa kawaida huwa ndogo kuliko za mashariki. Ratiba inayomdai kiasi kilekile kila mwezi itamwangusha. Inayodai kidogo kila mwezi na zaidi kidogo baada ya bonasi, chini ya dhamana ya kikundi kinachomjua, itadumu.

Wengine husema ujenzi wa awamu huacha magofu: kuta zisizo na paa, nondo zinazoota kutu. Nao wana sababu, kwa kuwa mifano iko kila barabara. Magofu hayo hutokana na mtu kuanza na msingi wa vyumba sita akiwa na fedha za vyumba viwili, bila fundi wa kumshauri. Hapa ndipo shirika lina kazi ambayo benki haiifanyi: kumtuma fundi mzoefu achore ramani ya nyumba inayokaliwa katika kila hatua, ahakikishe mabati mazito yanawekwa mapema kwa kuwa yatahamishiwa kwenye ukuta mpya, na awaonyeshe vijana kufyatua matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, yasiyohitaji tanuri wala kumaliza mikaratusi.

Lipo pia pingamizi la upungufu wa ardhi: shamba limegawanywa hadi robo ekari, kwa hiyo tujenge ghorofa mijini na kuacha vijiji. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, inayokata asilimia 1.5 ya mshahara na kumtoza mwajiri kiasi hichohicho, inaelekea huko kwa vitendo. Naziunga mkono ghorofa kwa wapangaji wa mjini Kisii. Lakini mchuma chai mwenye ng'ombe wawili na mashina ya migomba hahamii ghorofa ya tatu, na sheria hiyohiyo inazitaja nyumba za bei nafuu za mashambani. Kaunti zote mbili zidai fungu hilo kwa sauti.

Kikwazo ninachokiogopa zaidi ni cha kiwanja chenyewe. Mjane akiwekewa sakafu katika shamba lisilofanyiwa mirathi, shemeji anaweza kumfukuza na kubaki na saruji. Kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa, shirika lihakikishe wazee wa ukoo na chifu wametia saini kwamba mjane ana haki ya kukaa hapo, kisha lisaidie kufungua faili ya mirathi mahakamani. Chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, mahakimu nao wanasikiliza kesi za mirathi ndani ya mipaka ya thamani waliyowekewa, hivyo nyingi za mashamba madogo zinaweza kumalizwa karibu na nyumbani. Wakili mmoja anayejitolea siku moja kwa mwezi Kisii na siku moja Nyamira awekwe katika bajeti ya ujenzi, kwenye mstari uleule wa saruji na kokoto.