Bakteria wa chunusi ahusishwa na maradhi ya tezi-kibofu

MZEE wa Shianda, katika Kaunti ya Kakamega, anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo huambiwa na wenzake kuwa huo ni uzee tu. Mara nyingi hawakosei, kwani tezi-kibofu, ambayo wengine huiita tezi dume, hukua kadiri umri unavyosonga na kuubana mrija wa mkojo. Hata hivyo, kwa takriban miaka 20 sasa, wataalamu wamekuwa wakimtazama kwa jicho la shaka mshukiwa ambaye wachache wangemdhania: bakteria anayejulikana zaidi kwa chunusi za vijana.

Cutibacterium acnes, ambaye hadi 2016 aliitwa Propionibacterium acnes, huishi katika vitundu vya ngozi ya karibu kila mtu mzima, akijilisha mafuta yaliyomo. Hupenda mahali pasipo na oksijeni nyingi, na vijirija vya tezi-kibofu humfaa.

Mnamo 2005, watafiti nchini Australia walimpata katika baadhi ya tezi zilizoondolewa kwa upasuaji kwa sababu ya saratani. Tezi hizo zilikuwa na uvimbe mkubwa kuliko nyingine. Nchini Uswidi, uchunguzi uliochapishwa 2016 ulimpata katika asilimia 60 ya wagonjwa wa saratani hiyo, ikilinganishwa na asilimia 26 ya wanaume wasiokuwa nayo.

Uvimbe unaozungumziwa hapa si jipu. Seli za tezi zikishambuliwa huita chembe nyeupe za damu kuja kuzilinda. Bakteria akikawia, vita hivyo haviishi, na kemikali zinazomwagwa humo huweza kuharibu hata chembechembe za urithi za seli zisizo na hatia. Seli hujikarabati, huzaana, na katika kuzaana huko kasoro hujipenyeza.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ni nzito. Bakteria aliyetapakaa kwenye ngozi ni rahisi kuingia katika kipande cha nyama kinachopimwa kutoka kwa mgonjwa mwenyewe au mkononi mwa mhudumu. Isitoshe, kumkuta mahali palipo na ugonjwa si ushahidi kwamba ndiye aliyeuleta.

Kwa hivyo hakuna sababu ya mtu kukimbilia dukani kununua viuavijasumu, wala kujisugua ngozi kwa sabuni kali. Dawa hizo zikitumiwa ovyo huzalisha bakteria sugu, na hazijathibitishwa kuzuia saratani hii.

La kuzingatia ni kwamba uvimbe huo pia hupandisha kiwango cha PSA katika damu. Mwanamume anayepata matokeo ya juu hajahukumiwa kuwa na saratani. Daktari huenda akatibu maambukizi kwanza, kisha arudie kipimo. Aliyetimu miaka 40 na ambaye babake au nduguye aliugua ana sababu ya kumwona daktari mapema, hata kama analala usiku kucha bila kuamka, kwa kuwa saratani hii mwanzoni aghalabu haina dalili.