KUSHUKU SI KUTHIBITISHA: Somo la Kwanza kwa Askari Atakaye Kusoma Sheria

Mara kwa mara hunijia ofisini askari kijana, sare yake imenyooshwa vizuri, daftari mkononi, akanipigia saluti na kuniuliza: "Afande, nataka kusoma sheria. Nianze na kitabu gani?" Wengine ni wapiganaji, wengine ni polisi wa vituo vya jirani. Wanajua kwamba safari yenyewe ni ndefu: kwanza shahada ya chuo kikuu, kisha stashahada ya uwakili katika chuo cha LDC mjini Kampala, kilichoundwa mwaka 1970. Lakini kabla ya yote hayo liko jambo moja ambalo askari aweza kuanza kujifunza leo hii, bila ada wala kitabu. Nalo ni kutofautisha kati ya kushuku na kuthibitisha.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hilo kwa aibu.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha maofisa, tulilala kumi na wawili katika bweni moja. Siku moja mwenzetu alirudi kutoka gwaride akakuta fedha zake hazimo sandukuni. Asubuhi ile mtu mmoja tu alikuwa amebaki bwenini, kwa kuwa mganga alimwandikia mapumziko. Mtu huyo alijulikana kwa kukopakopa. Na jioni yake alionekana kantini akinunua sukari na sabuni. Tulikaa kikao kisichozidi dakika kumi, tukamtia hatiani. Tukampeleka kwa mkuu wa zamu, naye akaadhibiwa mbele ya kombania nzima. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile wengi tulikuwapo na neno likaharibika. Baada ya majuma matatu mvua ilinyesha, mwenye fedha akavaa koti lake la mvua, akazikuta mfukoni alikokuwa amezificha mwenyewe akasahau. Tulikwenda kumwomba radhi mwenzetu. Alitupa mkono, lakini tangu siku hiyo hadi tulipovishwa vyeo hakula tena nasi meza moja.

Nitairudia habari hiyo mwishoni. Kwanza natutazame jinsi mwanasheria anavyowaza, ili tuone mahali tulipoteleza.

KOSA LINA SEHEMU MBILI

Mwanasheria akiambiwa kwamba fulani ametenda kosa la jinai, hutafuta mambo mawili. La kwanza ni kitendo: mtu huyo alifanya nini hasa, au aliacha kufanya nini kilichompasa? La pili ni nia: alipofanya hivyo alikusudia nini? Aghalabu kitendo kisicho na nia hakitoshi kuwa kosa, wala nia peke yake haimpeleki mtu jela. Anayeitamani mali ya jirani usiku kucha bila kunyoosha mkono hana kesi ya kujibu.

Tuchukue mfano. Koplo anatoka lindoni usiku, anapanda baiskeli iliyoegemezwa ukutani, anakwenda nayo nyumbani. Asubuhi inatambulikana kwamba baiskeli hiyo ni ya mwenzake, inayofanana na yake kwa rangi na umbo. Kitendo kipo: amechukua mali isiyo yake. Lakini sheria ya jinai ya Uganda humwita mwizi yule achukuaye kwa hila, asiyedai kwa moyo mweupe kwamba ana haki ya kukichukua kitu hicho. Ikiwa koplo aliamini kwa dhati kwamba baiskeli ni yake, wizi haupo. Ikiwa usiku ule ule aliipaka rangi mpya na kufuta namba zake, basi madai yake ya kukosea yanaanza kuyumba.

Hapo tunaona kwamba nia haionekani kwa macho; hufahamika kwa mambo yanayoizunguka. Mwaka 1945 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitoa mwongozo juu ya swala hilo katika kesi ya Tubere mwana wa Ochen. Mahakama itajuaje kwamba mtu aliyeua alikusudia kuua? Itazame silaha iliyotumika, jinsi ilivyotumika, sehemu ya mwili iliyojeruhiwa, na mwenendo wa mshtakiwa. Mkuki au kisu huonyesha nia ya kuua upesi zaidi kuliko fimbo. Kwa hiyo polisi anayeandika katika maelezo kwamba marehemu "alipigwa kwa silaha" ameiacha kazi nusu. Silaha gani? Alipigwa mara ngapi? Kichwani au mguuni? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayotenga kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia.

Mahakama ile ilikoma mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika. Hata hivyo majaji wa Uganda wameendelea kuitaja kesi hiyo miaka mingi baadaye. Sababu ni kwamba sheria yetu hutaka kesi za namna moja ziamuliwe kwa namna moja, na uamuzi wa mahakama ya juu huzifunga mahakama za chini. Mwanafunzi asomapo hukumu atafute mambo manne: yaliyotokea, swali lililoulizwa, jibu lililotolewa, na sababu ya jibu hilo. Ile sababu ndiyo inayobebwa hadi kesi nyingine. Majina na tarehe ni maganda tu.

NANI ABEBE MZIGO

Askari wengi hudhani kwamba mtu akikamatwa, ni juu yake kueleza kwa nini asifungwe. Sheria husema kinyume. Ibara ya 28 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 humhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia hadi itakapothibitishwa au hadi akiri mwenyewe. Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, tangu mwanzo hadi mwisho.

Kesi maarufu juu ya kanuni hiyo ni ya kijana wa Uingereza aitwaye Woolmington, aliyekuwa na umri wa miaka 21. Mkewe alikuwa amerudi kwa mama yake. Woolmington alikwenda huko na bunduki, na mke akafa kwa risasi. Kijana alisema alitaka tu kumtisha kwamba atajiua yeye mwenyewe, na bunduki ikafyatuka kwa bahati mbaya. Jaji aliwaambia wazee wa baraza kwamba, madhali imethibitika kuwa mkono wake ndio ulioua, ni juu yake kuonyesha kwamba hakukusudia. Alihukumiwa kunyongwa. Mwaka 1935 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliitengua hukumu. Ilisema kwamba mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kuwa hana hatia. Yatosha akiwaachia waamuzi shaka ya maana. Kanuni hiyo imeenea katika nchi zote zilizorithi sheria ya Kiingereza, nasi tumo.

Shaka ya maana ni ipi? Si kila wazo la kubuni. Wakili akisema huenda jini ndiye aliyefyatua risasi, mahakama haitashughulika naye. Shaka ya maana ni ile inayotokana na ushahidi wenyewe, au na ukosefu wa ushahidi. Katika kesi za madai, mathalan ugomvi wa shamba au deni, kipimo ni chepesi zaidi: mahakama humpa ushindi yule ambaye maelezo yake yana uzito kuliko ya mwenzake. Katika jinai mtu aweza kupoteza uhuru wake au uhai wake, na kwa hiyo kipimo ni kizito.

YALIYOONEKANA NA YANAYODHANIWA

Ushahidi huja kwa njia mbili. Kuna shahidi aliyeona, na kuna mambo ya mazingira yanayounganishwa pamoja. Njia zote mbili zina mitego.

Shahidi wa macho aweza kuwa mkweli kabisa na bado akakosea. Katika kesi ya Nabulere, Mahakama ya Rufani ya Uganda iliwaonya mahakimu juu ya kumtia mtu hatiani kwa sababu tu ametambuliwa na shahidi mmoja au zaidi katika mazingira magumu. Yafaa kuuliza: Palikuwa na mwanga gani? Shahidi alikuwa umbali gani? Alimtazama kwa muda gani? Je, alimjua mtu huyo kabla? Askari aliyepata kukaa lindoni usiku wa giza anajua jinsi kisiki kinavyoweza kugeuka kuwa mtu. Maswali hayo yaandikwe katika maelezo siku ile ile, kumbukumbu ingali mbichi.

Na ushahidi wa mazingira? Mwongozo wake ulitolewa mwaka 1958 katika kesi ya Simon Musoke. Kabla ya kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa namna hiyo, mambo yanayomshtaki hayana budi kuwa hayapatani kabisa na kutokuwa na hatia kwake, wala yasiweze kuelezwa kwa njia nyingine yoyote ya akili isipokuwa kwamba yeye ndiye mkosaji. Ukipata njia nyingine moja tu, mlango wa gereza haufungwi.

AMRI YA MKUBWA

Kuna wanaouliza: "Haya ni mambo ya mahakimu. Mimi natii amri. Sheria inanihusu nini?" Inakuhusu sana. Katiba yetu, katika ibara ya 23, husema mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, isipite saa 48. Ibara ya 44 husema hakuna hali yoyote itakayohalalisha mateso. Na sheria ya mwaka 2012 ya kuzuia mateso imefunga mlango wa mwisho: mtesaji hawezi kujitetea kwa kusema aliamriwa na mkubwa wake. Utii ni uti wa mgongo wa jeshi, lakini utii tunaoapa ni wa amri halali. Ungamo lililotolewa kwa kipigo huanguka mahakamani, na mkosaji wa kweli, ikiwa alikuwa ndiye, huondoka huru. Aliyepiga ndiye anayebaki na kesi.

TURUDI BWENINI

Sasa natuipime ile kesi yetu ya bwenini kwa hatua nne zinazofundishwa kwa wanafunzi wa sheria: swala ni lipi, kanuni inasemaje, kanuni hiyo yapatanaje na mambo yaliyotokea, na uamuzi ni upi.

Swala letu tulidhani ni hili: nani ameiba? Kanuni ilikuwa kwamba wizi una kitendo na nia, na vyote vithibitishwe. Tulikuwa na nini mkononi? Alibaki bwenini, lakini mgonjwa abaki wapi? Alikuwa mkopaji, lakini mkopaji huomba, mwizi haombi. Alinunua sukari na sabuni. Lakini hakuna aliyemwuliza alipata wapi fedha, wala aliyekwenda kwa mwenye kantini kuuliza kama alilipa taslimu au alikopa kama kawaida yake. Kila jambo lilikuwa na njia nyingine ya kuelezeka.

Na kosa letu kubwa lilitangulia hayo yote. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza kama palikuwa na wizi. Tulijua tu kwamba fedha hazikuwamo sandukuni. Kutoka hapo hadi kusema zimeibwa ni hatua moja; kusema ameziiba huyu ni hatua ya pili. Sisi tuliziruka zote mbili kwa pamoja, tukaangukia juu ya mtu asiye na hatia. Lau mmoja wetu angalisema, "Ndugu zangu, kwanza tupekue mizigo ya mwenye mali," tungalizikuta fedha katika lile koti kabla ya chakula cha usiku.

Kwa hiyo, ndugu askari uliye na daftari mkononi, usingoje kuandikishwa chuoni ndipo uanze. Kesho utakapoletewa mtuhumiwa kituoni, au utakapoambiwa kwamba fulani wa kikosini ni mwizi, chora mistari miwili katika ukurasa wako. Upande mmoja andika unayoyajua. Upande wa pili andika unayoyadhani. Kisha uliza kama kosa lenyewe limethibitika kuwapo kabla hujamtafuta mkosaji. Yule mwenzetu wa bwenini alistahili angalau ukurasa mmoja wa namna hiyo, na kati yetu kumi na mmoja hakuna aliyemwandikia.