Mwito wa Kompyuta Kuukuu

Katika maduka ya Luthuli Avenue, katikati ya jiji la Nairobi, huuzwa kompyuta kuukuu zilizokwisha kuzitumikia afisi za watu miaka mingi, na moja katika hizo niliinunua nikaipakia matatu namba 46 hadi Kawangware. Nilipoiwasha nikatanabahi kwamba kifaa chake cha kusomea CD kimekufa, na ile biosi yake, yaani programu itanguliayo kuamka, haijui kuanzia kwenye flashi. Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipoliona, nyuma yake, tundu la waya wa mtandao.

Katika kadi za mtandao za mashine nyingi zilizoundwa tangu mwisho wa miaka ya 1990 mlitiwa programu ndogo iitwayo PXE, iliyobuniwa na kampuni ya Intel, ambayo kazi yake yote ni kuomba. Kompyuta isiyo na mfumo endeshi, isiyojua hata anwani yake, hupaza sauti katika waya ikimwita yeyote awezaye kujibu, na hujitambulisha kwa kitu ilichozaliwa nacho, nacho ni namba ya biti 48 iliyotiwa kiwandani. Seva, ambayo kwangu ilikuwa laptopu ya kawaida, huipa anwani ya kutumia, kisha huiarifu faili la kuanzia liko wapi na laitwaje.

Hapo huanza kazi ya itifaki ya TFTP, niipendayo mno kwa usahili wake, ambayo Karen Sollins wa MIT aliiandikia waraka mwaka 1981: faili hukatwa vipande vya baiti 512, na kipande cha pili hakipelekwi mpaka stakabadhi ya kile cha kwanza irejee. Lakini namba ya kipande imetengewa biti 16, ambazo hazihesabu kupita 65,535. Kwa hiyo faili likizidi kiasi cha megabaiti 32, hesabu hufika ukomo, na iwapo pande mbili hazikuafikiana kuanza kuhesabu upya au kukata vipande vikubwa zaidi, kazi husimama njiani. Usiku wangu wa kwanza uliishia papo hapo. Ruta ya nyumbani nayo, ambayo ada yake ni kugawa anwani, ilikuwa ikitangulia kujibu ilhali haina faili la kutoa, nikaiondolea kazi hiyo.

Mfumo niliouchagua ni Debian 12, wa mwaka 2023, kwa sababu toleo lililoufuata mwaka 2025 halina tena kisakinishi cha mashine za biti 32 kama hii yangu. Uamuzi huo wanihuzunisha, maana mashine ya namna hiyo yatosha kabisa kumfundishia mtoto kuandika programu.

Usiku wa pili nilizifanya pande mbili ziafikiane kuhusu vipande, na kisakinishi kilipokwisha kuijaza diski, niliuchomoa waya, nikaiwasha tena, ikaamka kwa nguvu zake, ikaandika kiooni jina nililoipa, kisha ikauliza langu.