Kitwitwi wa Singidani na kwelea kwelea wa shambani



Singida hatuna bahari, ila ufukwe tunao. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai yapo pale pale mjini, maji ya chumvi. Jumamosi nilishuka Singidani asubuhi na wakulima wanne wa mtama pamoja na darubini moja ya kuazima, tukimtafuta kitwitwi mmoja adimu.

Kwa nini niwatoe watu shambani mwezi Machi kwenda kutazama ndege? Kwa sababu nimesikia mazungumzo ya kuchanganya sumu na nafaka na kuimwaga pembeni mwa mashamba, ati kuwawahi kwelea kwelea. Mama mmoja aliniambia wazi: "Bwana shamba, mimi ndege ni ndege tu. Wote wanakula."

Heroe ndio walionekana kwanza, wekundu-wekundu, vichwa chini. Nikamwambia mama, hao hawajui mtama. Heroe wadogo huchuja majani madogo mno ya majini ambayo jicho haliyaoni, na Afrika Mashariki nzima huzaliana Ziwa Natron. Kisha vitwitwi wadogo, wanakimbia matopeni kama panya. Hao wengine huzaliwa Siberia, wanakuja huku kula wadudu, na mwezi wa nne wanarudi. Kiumbe cha gramu ishirini na kitu hivi! Mzee mmoja alicheka, akadhani namtania.

Tuliyemtaka tulimpata karibu saa nne. Wawili. Ukubwa wa shomoro, miguu mirefu, tumbo jeupe, mkanda wa rangi ya udongo mwekundu kifuani. Ndege huyu hupenda maziwa ya chumvi na magadi kama haya yetu, na hutaga chini, mchangani, hana kiota cha maana. Ng'ombe akipita, yai limekwisha. Mama alishika darubini muda mrefu kuliko wote.

Sasa tuje kwa adui mwenyewe. Kwelea kwelea mmoja anakula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Ni kidogo, lakini kundi la milioni moja ni tani 10 kila siku, na makundi ya namna hiyo yapo. Sumu yako ya pembeni haiwezi kulimaliza. Itaua njiwa, kanga, kuku wa jirani, na bundi anayekulia panya ghalani. Mvua ikinyesha, mabaki yanateremka ziwani.

Kinachosaidia ni kujua wanalala wapi. Ndege ya Wizara ya Kilimo hunyunyizia malalo jioni, haifukuzi kundi shamba kwa shamba. Yaani taarifa ya malalo ikichelewa wiki, mtama umeshakwenda. Na waliopuliziwa hawaliwi, hata kama wameanguka wengi mlangoni kwako. Ukitaka kitoweo, wenzetu wa Kondoa huwanasa kwa nyavu na mitego, bila dawa. Hiyo naikubali kabisa.

Mtama wa upande wa Ilongero umeanza kuweka maziwa. Jioni tazameni migunga na matete: kundi likishuka kama moshi na kelele zikaendelea mpaka giza, hesabuni siku ngapi limerudi pale pale, mnipigie usiku huo huo.